Uzi wa kuchoma nyuzi: vitambaa vya asili kwa nyumba zetu za Mombasa

MamaZuu_Tudor (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum wenyeji na wageni. Uzi huu naukwepa tangu kaskazi iliyopita, lakini wiki hii watu watatu wameniandikia faraghani wakiuliza jambo lile lile: shuka na mapazia wanunua wapi, na wajuaje kwamba ni pamba kweli? Leo mtoto amelala mapema na stima ipo. Acha niandike.

Ilianzia kwa shuka. Mwezi wa pili mwaka jana nilinunua shuka pea mbili duka moja la mjini, jina nalimeza. Zilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni wenye zipu, na picha ya ua la pamba, na maandishi makubwa kwamba ni pamba asilimia 100. Laini, zang'aa, hazijikunji. Hapo tu ningeshtuka. Pamba gani isiyojikunja?

Usiku wa tatu stima ikapotea. Mnaijua Februari ya hapa feni ikisimama. Kufika saa tisa za usiku mwanangu amelowa kama aliyemwagiwa ndoo, na ile shuka haijanywa hata tone. Jasho limekaa juu yake kama maji juu ya jani la mgomba. Kulipokucha shingo na mgongo vimejaa harara.

Nikampeleka kwa nyanya yake Kibokoni. Mavyaa wangu si mtu wa maneno. Aliishika ile shuka niliyomfunikia mtoto, akaufikicha upindo wake kati ya vidole viwili, akachomoa uzi mmoja na kuusogeza kwenye kiberiti. Ule uzi ulinywea kwanza, ukajikunja, ukayeyuka kwa moshi mweusi, na mwisho kikabaki kidonge kigumu kama punje ya pilipili manga. Kilipopoa akakiweka kiganjani mwangu. "Pamba yako hiyo." Kisha akachomoa uzi wa leso aliyojifunga mwenyewe. Ukawaka kama karatasi, ukanuka karatasi, likabaki jivu laini la kijivu ambalo pumzi yangu tu ililipeperusha.

Poliesta hutokana na mafuta ya petroli. Ni ndugu wa chupa ya maji unayoitupa. Haina koo la kunywea. Katika hewa ya kawaida pamba hubeba unyevu wa kama asilimia 7 au 8 ya uzito wake, poliesta haifiki hata asilimia 1. Kwa koti la mvua hiyo ni sifa. Kwa shuka ya Mombasa, mji ambao hewa yenyewe waweza kuikamua, ni adhabu.

Tangu siku ile natembea na kiberiti mkobani. Wenye maduka hawanipendi, lakini siwachomei dukani. Naomba nyuzi mbili tatu za ukingo wa jora, natoka nje, nazishika kwa kibano cha nyusi juu ya kifuniko cha mkebe. Tone la poliesta likikuangukia kidoleni halitoki mara moja, kwa hiyo watoto wakae mbali.

Jambo la pili ni majina, na hapa Kiswahili chetu chenyewe chatutega. Kitani si katani. Kitani ni kile kitambaa cha baridi, kizito, chenye mikunjo yake ya heshima, kitokacho kwenye mmea wa nchi za baridi. Ufaransa na Ubelgiji ndiko hulimwa sana. Katani ni mkonge, wa Vipingo hapo juu, wa kamba na magunia na mazulia. Vilevile sufu ni manyoya ya kondoo, na sufi ni ile pamba ya mti wa msufi. Niliwahi kumwagiza kijana aniletee kitani cha vitambaa vya meza akaniletea bunda la katani, na kosa ni langu, nilitumia ujumbe wa sauti huku boda inapiga kelele. Siku hizi kuna na hili neno lineni, yaani kitani kwa Kiingereza. Asilimia kubwa ya lineni niliyoonyeshwa mjini ilikuwa poliesta iliyofumwa kwa nyuzi zenye vifundo ili ifanane na kitani. Kiberiti hakikuchelewa.

Sasa nyumbani kwangu kuna nini. Mapazia yote ni marikani. Wengine mwaiita amerikani: pamba isiyopaushwa wala kutiwa rangi, ya rangi ya tui, bado ina vijidoa vya maganda ya mbegu. Mafundi huitumia kwa foronya za ndani na bitana. Jina hilo ni historia tupu. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, ndio waliokuwa wakikileta kitambaa hicho Unguja na pwani hii karne ya 19, na mwaka 1833 nchi yao ikatiliana mkataba na Seyyid Said. Vita vyao wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipoikata pamba, viwanda vya Bombay vikaingia, ila jina la Wamarekani halikutoka. Mimi naipenda kwa sababu nyingine. Haijapitia dawa ya kupausha wala mapipa ya rangi, kwa hiyo imechafua maji kidogo kabla haijanifikia, na kwenye maduka niliyopita ndiyo pamba rahisi kuliko zote.

Rahisi, lakini ilinifunza adabu. Niliwahisha kwa fundi bila kuiloweka. Mfuo wa kwanza tu mapazia yakarudi kiganja kizima na nusu, yakabaki yananing'inia juu ya sakafu kama suruali ya kijana aliyebaleghe ghafla. Nikayaongezea pindo la leso kuukuu chini, na sasa wageni hudhani ni mtindo. Marikani iloweke usiku kucha, ianike, ifue tena, ndipo ukate.

Nikiendelea nitawachosha. Ulizeni.

---

Fundi_MwembeTayari

Mama Zuu umesema kweli ila umeacha tundu. Usichome uzi mmoja. Kitambaa kina mtande, zile nyuzi za urefu, na mshindio, zile za kukatiza. Wajanja hutia mtande wa poliesta na mshindio wa pamba. Ukichomoa upande wa mshindio utaona jivu safi, utarudi nyumbani unaimba. Chomoa pande zote mbili. Na kama uzi wenyewe umesokotwa kwa mchanganyiko, utawaka kama pamba lakini kwenye jivu utahisi vichembe vigumu ukivisugua.

Jambo jingine: ukingo wa jora mara nyingi hufumwa kwa uzi tofauti ili usichanike mashineni. Nyuzi za ukingo zaweza kukudanganya. Mwambie muuzaji akupe kipande cha ndani, kama ukucha tu. Akikataa, umeshajibiwa.

---

Baharia_Likoni

Dadangu, uzi mtamu, lakini mwafanya sisi wa poliesta tujione wachafu. Niseme ya upande wa pili.

Mmoja: hiyo pamba mnayoisifu yanywa maji shambani kuliko ngamia. Wastani wa dunia ni kama lita 10,000 kwa kilo moja ya pamba. Bahari ya Aral huko Asia ya Kati imebaki vidimbwi kwa sababu mito yake ilielekezwa mashambani, na pamba ndiyo iliyokuwa zao kubwa. Bahari! Mimi mtu wa bahari hilo laniuma.

Pili: mimi mpangaji. Maji nanunua kwa mtungi. Pazia la poliesta nalifua kwa ndoo moja, lakauka kabla sijamaliza chai, halihitaji pasi. Yangu yana mwaka wa nane. Mwambie mwenye marikani aniambie lake litakuwa wapi mwaka wa nane, dirisha likitazama jua la magharibi.

---

MamaZuu_Tudor

@Baharia_Likoni kaka, la pazia nakubali, sitabishana. Jua hula pamba. Dirisha langu la baharini, marikani bila bitana ilipasuka kama karatasi mwaka wa pili, nilikuwa nalivuta tu kulifungua. Sasa natia bitana, nikijua kwamba bitana ndiyo itakayokufa kwanza, naibadilisha yenyewe. Na pazia la poliesta ambalo tayari unalo, liache lining'inie mpaka lichoke. Kulitupa leo ili ununue la asili ni kuchafua mara mbili.

Kitanda ndipo sikubali. Pazia halikugusi. Shuka na foronya zakugusa saa saba, nane, kila usiku.

La maji pia ni kweli. Lakini pamba yote si ya mfereji: ya Mpeketoni kule Lamu hunyweshwa na mvua. Tatizo ni kwamba ikishakuwa shuka huwezi kujua imetoka wapi. Kwa hiyo dawa yangu ya maji ni soko la Kongowea. Shuka ya mtumba ilishayanywa maji yake zamani, hainywi mengine. Na shuka kuukuu ya pamba, iliyofuliwa mara mia, ni laini kuliko mpya yoyote nitakayoimudu. Wiki mbili zilizopita nimeokota mbili za kitanda kikubwa kwa shilingi 400.

Siri ya Kongowea ni lebo. Mitumba yatoka kila pembe, na lebo zimeandikwa lugha za kwao. Mimi nimeziandika kwenye karatasi ndani ya mkoba: Baumwolle ni pamba kwa Kijerumani, coton Kifaransa, katoen Kiholanzi, algodón Kihispania, bomull Kiswidi, pamuk Kituruki. Kitani ni Leinen au lin. Nikiona Polyester, hiyo haibadiliki sana lugha kwa lugha, ndiyo maana twaijua sote. Fika asubuhi bunda likifunguliwa. Ukifika saa sita wenzio washaondoka na Baumwolle yote.

Na kwa kuwa umetaja bahari: kila ukifua poliesta, vipande vidogo vya nyuzi visivyoonekana hutoka na maji ya kufulia. Mfereji wa nyuma ya nyumba yetu waishia mkono wa bahari wa Tudor, na nyuzi zile hazioziki kama za pamba. Nakuachia hilo, mtu wa bahari.

---

Baharia_Likoni

Hapo umenishika. Pazia nitafua mara moja kwa mwaka basi 😂

---

Kijana_Kisauni

Mimi nilinunua mtandaoni shuka za mianzi. Tangazo lilisema ni za asili, zinaua bakteria, zinaokoa misitu. Nimechoma uzi baada ya kusoma hapa: umewaka kama karatasi, jivu safi kabisa. Kwa hiyo ni za asili, ama?

---

MamaZuu_Tudor

Pole mdogo wangu, hapo kiberiti kimefika mwisho wa elimu yake. Mianzi ni mmea mgumu. Ili uwe laini vile husagwa, ukayeyushwa kwa kemikali, kisha ule uji ukapitishwa kwenye vitundu ukatoka nyuzi. Kitambaa hicho jina lake ni viskosi, au reyoni, na moja ya kemikali zake, disulfaidi ya kaboni, ni sumu kwa wafanyakazi wa kiwandani. Mmea uliotangulia ni wa asili, kilichokufikia ni kazi ya kiwanda. Kwa kuwa bado ni nyuzi za mmea, huwaka kama pamba.

Huko Marekani walishaadhibiana kwa jambo hili. Mwaka 2013 tume yao ya biashara, FTC, ilifikia makubaliano na kampuni nne zilizouza reyoni kwa jina la mianzi, zikalipa jumla ya dola milioni 1.26. Mwaka 2022 Walmart na Kohl's wakalipa dola milioni 5.5 kwa pamoja. Kwa hiyo hukudanganywa peke yako.

Kipimo chake ni maji. Chukua uzi mmoja, uvute ukiwa mkavu, kisha lowanisha mwingine kwa mate uuvute. Pamba ikilowa huzidi nguvu. Viskosi ikilowa hukatika kwa urahisi.

Halafu msidanganywe na alama za kwenye mifuko. GOTS ndiyo inayozungumzia kilimo: kitambaa kikiandikwa ni cha kilimo hai chini ya alama hiyo, angalau asilimia 95 ya nyuzi zake zatoka huko, kikiandikwa tu kwamba kimetengenezwa kwa nyuzi za kilimo hai chaweza kuwa na asilimia 70. OEKO-TEX Standard 100 ni kitu kingine. Hupima kama kitambaa kilichokamilika kina mabaki ya kemikali zenye madhara, na hata poliesta yaweza kuipata. Nzuri kwa ngozi ya mtoto, lakini haikuambii ni pamba.

---

BiMkubwa_Kibokoni

Wanangu salaam. Mjukuu wangu ndiye aniandikiaye, mimi nasema.

Mmezungumza shuka mkasahau kinacholaliwa. Sisi tulilalia sufi. Matunda ya msufi yakipasuka twaokota, twaambua mbegu, twatia kwenye mfuko wa marikani. Sufi haisokoteki ikawa uzi, yateleza, ndiyo maana kazi yake ni kujazia tu. Ina mafuta yake, haishiki maji. Zamani mabaharia wa meli kubwa walitiliwa sufi kwenye majaketi ya kujiokolea. Mto wa sufi ukilala wauweka juani kila wiki mbili, wavimba tena kama mkate. Ila moto jamani! Sufi yaipenda moto. Mwenye kuvuta sigara kitandani asiisogelee.

Godoro lilikuwa la makumbi. Makumbi ya nazi hufukiwa kwenye tope la ufukoni, yakae miezi, yakifukuliwa yapigwa magongo mpaka usumba utoke. Gumu, naam. Lakini hewa yapita chini ya mgongo. Haya magodoro yenu ya sponji, ukilalia Februari ni kama kulala juu ya mbwa.

Chini, mkeka wa miyaa. Mwaa ni wa mkoma, si wa mnazi, vijana mwachanganya. Hautiwi gundi wala rangi ya kiwanda ukitaka mweupe. Ukipata maji uanike siku hiyo hiyo, ukikunjwa mbichi waota ukungu na hautoki tena.

---

Fundi_MwembeTayari

Bi Mkubwa shikamoo. Wateja wangu wawili wameniagiza mito ya sufi mwezi huu. Wanalalamika vijinyuzi vinapenya kwenye kitambaa, na ni kweli. Foronya ya ndani iwe marikani nzito, na mshono upige mara mbili.

---

BiMkubwa_Kibokoni

Marahaba mwanangu. Zamani twapaka sabuni ya mche upande wa ndani wa mfuko kabla ya kujaza. Yaziba vitundu.

---

MamaZuu_Tudor

Hilo la sabuni sikulijua na nimeolewa Kibokoni miaka kumi na moja! Naenda kumuuliza mavyaa kwa nini alinificha.

Kuhusu ukungu, kwa sababu masika yaja: pamba na miyaa na katani vyote ni chakula cha ukungu. Poliesta yenyewe hailiwi kwa urahisi, na hilo nalikiri. Shuka ikikunjwa na unyevu kidogo tu ikaingizwa kabatini, baada ya wiki mbili utakuta vidoadoa vyeusi. Mimi milango ya kabati naacha wazi mchana, na shuka zisizotumika nazitoa juani likichomoza hata kwa saa moja. Udi ni kwa harufu. Fukizeni mpendavyo, ukungu hauogopi udi. Zulia la katani usilitie chooni wala mlangoni pa bafu, na likimwagikiwa chai usilisugue kwa maji mengi, labakisha doa la duara kubwa kuliko chai yenyewe.

---

Nuru_Bamburi

Nimechelewa lakini nimesoma wote. Naolewa baada ya Ramadhani inshallah na nataka vifuniko vya makochi, foronya za mito na shuka pea tatu, zote za asili, na bajeti ni ya bibi harusi wa Bamburi, si wa Nyali. Nianzie wapi? Nimependa wazo la leso kwa foronya lakini mama asema zitachuja rangi kwenye makochi.

---

MamaZuu_Tudor

Hongera mapema Nuru, Mungu akujaalie. Shuka anzia Kongowea kama nilivyosema, zile kuukuu za Baumwolle. Ukiona aibu kulalia mitumba usiku wa kwanza, nunua pea moja mpya ya siku hiyo.

Makochi: marikani nzito au gunia la katani lililofumwa laini? Chagua marikani. Katani yakwaruza miguu, na mumeo ataikalia na bukta.

Leso ni nzuri sana kwa foronya. Leso moja yenye mji mkubwa, lile pambo la kati, yakutolea mito miwili: kata ili mji ukae katikati na pindo lizunguke, na jina, yale maandishi ya leso, libaki upande wa nyuma. Chagua jina vizuri, mito itasomwa na mawifi. Biashara Street ukiingia uliza kwanza kama ni pamba, maana siku hizi leso za poliesta ziko, zang'aa na ni nyepesi. Kuhusu kuchuja, mama ana haki. Watu husema loweka na chumvi. Mimi nimeona chumvi haisaidii rangi za kiwandani. Kinachosaidia ni kuifua peke yake mara tatu nne, mpaka maji yatoke meupe, ndipo ukate.

---

Nuru_Bamburi

Nimerudi kutoka mjini, nimeuziwa kitambaa cha krimu cha makochi, muuzaji ameapa ni pamba tupu, yadi kumi na mbili. Nimechomoa kutoka ndani, si ukingoni, mtande na mshindio. Zote zimewaka kama karatasi, jivu limepeperuka. Nimefurahi jamani!

---

Fundi_MwembeTayari

Lowanisha uzi kabla hujafurahi.

---

Nuru_Bamburi

Umekatika. Hata sikuvuta kwa nguvu.

---

MamaZuu_Tudor

Viskosi. Pole mamangu. Umekikata au bado kiko mzima?

---

Nuru_Bamburi

Kiko mzima, na risiti ninayo.

---

MamaZuu_Tudor

Basi kesho asubuhi kirudishe, nenda na huo uzi na kikombe cha maji. Nami nitakuwa mjini, tuonane nje ya Marikiti saa nne tuende pamoja.